Bima Iliyokatika Julai

Mishahara ya gereji ya Garth Pruett ilikuwa imelipwa kila Alhamisi bila kukosa. Kodi iliyokatwa kwenye mishahara hiyo nayo ilikuwa imepelekwa, japo ilichelewa kidogo hapa na pale. Kitu ambacho Noelene Haddow hakukiona kwenye taarifa za benki, hata aliporudia kuzisoma mpaka chai yake ikapoa, ni michango ya uzeeni ya mafundi. Mara ya mwisho pesa kuingia kwenye mfuko wao ilikuwa Machi ya mwaka uliopita. Sasa ilikuwa Juni, na baridi ya Mildura, kule Australia, ilikuwa imeshauma majani ya mizabibu yote.

Noelene alikuwa wakala aliyesajiliwa, anayewaandalia wafanyabiashara wadogo taarifa zao za kodi na za mishahara. Alifanyia kazi kwenye chumba kilichokuwa cha watoto, kabla hawajakua na kuhamia Melbourne. Alikuwa na muuza maua, mafundi bomba wawili ndugu wasiosemezana, na mkulima wa machungwa aliyekuwa akileta risiti zake kwenye mfuko wa mbolea. Gereji ya Garth aliipokea mwezi Mei, baada ya mama aliyekuwa akiishikia mahesabu kuhamia Queensland kuwafuata wajukuu. Hakuitaka sana. Mumewe, Clive, alikuwa fundi bodi pale kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwiko wa kwanza wa kazi yake ni kwamba mambo ya mteja hayatoki nje bila ruhusa ya mteja. Mume naye ni nje.

Mafundi hawakuwa na wasiwasi wowote. Kila wiki walipata hati ya mshahara, na chini ya hati kulikuwa na mstari uliosema mchango wa uzeeni ni kiasi gani. Katika nchi ile watu hawaulizi zaidi ya hapo. Wakishaona namba imeandikwa, huamini imekwenda. Kumbe namba ile inasema tu mwajiri anadaiwa kiasi gani, na mashine huichapa hata kama pesa haijatoka. Watu wanaoweza kubishana saa nzima juu ya bei ya soseji hawajawahi hata mara moja kuupigia simu mfuko wao wa uzeeni.

Noelene alivaa koti akaenda gereji.

*

Ofisi ya Garth ilinuka rangi na kahawa. Garth aliondoa bampa lililokuwa juu ya kiti, akakifuta kiti kwa mkono wa shati lake.

"Kaa, shemeji. Hapo ndipo pasafi kuliko pote."

"Garth, michango ya uzeeni iko wapi?"

"Si iko kwenye hati?"

"Kwenye hati iko. Kwenye benki haipo."

Garth alikuwa mtu mkubwa, mwenye kupendwa, mwenyekiti wa klabu ya mpira. Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka akaenda kufunga mlango.

"Nilikuwa na pesa ya kitu kimoja," alisema. "Nikalipa mishahara. Watu wanakula leo, shemeji. Uzee unaweza kungoja."

"Ofisi ya kodi ndiyo inayosimamia michango, nayo haingoji. Kila Alhamisi ukilipa mshahara taarifa inawafikia. Wanajua. Hawajafika kwako tu."

"Basi wasifike mpaka yule muuza magari anilipe. Mvua ya mawe ilimbonyezea magari yote uwanjani, tumemnyooshea yote, na mpaka leo ananiambia wiki ijayo. Akinilipa tu nalipa kila kitu. Naapa."

"Sikiliza. Kuripoti ni jambo moja, kulipa ni jingine. Ukiripoti mwenyewe kwamba hukulipa, linakuwa deni la kampuni, mnakaa mezani mnapanga ulipe kidogo kidogo. Ukinyamaza, deni linakufuata wewe mwenyewe mpaka kwenye nyumba yako. Fomu nimekuja nayo. Wewe ni kutia sahihi."

"Nikitia sahihi benki watasikia. Benki wakisikia gereji imefungwa, na Clive wako yuko nyumbani anaangalia kriketi mchana kutwa. Unamtaka nyumbani mchana kutwa?"

Noelene hakucheka. "Kuna jingine. Ndani ya ule mfuko mafundi wana bima ya ulemavu. Mfuko usipoingia kitu miezi kumi na sita, bima inakatwa. Ya kwao inakatika mwisho wa Julai. Hawa wanne wote."

Hilo Garth hakulijua. Hakuwa mtu mbaya, na sura yake ilionyesha hivyo.

"Nifanyeje?"

"Peleka kitu chochote, hata kidogo. Kila mmoja apate kidogo, bima ibaki hai. Mengine tutapanga."

"Hiyo naweza. Wiki hii hii." Akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Clive umemwambia?"

"Siruhusiwi."

"Ndiyo maana nakuheshimu, shemeji."

Nje, Clive alikuwa amepiga magoti kando ya mlango wa gari, akigonga kwa mkono wa kushoto. Alimpungia mkewe nyundo. Upande wa pili Semisi Taufa, mpiga rangi, alikuwa amevua barakoa yake akikohoa huku ameegemea ukuta, na alipomwona Noelene naye akapunga mkono. Noelene alirudi nyumbani akaandika barua kwa Garth, akimkumbusha yote waliyozungumza, akabaki na nakala. Mtu wa kazi ile hujilinda kwa maandishi.

*

Wiki ile Garth hakupeleka kitu. Wala iliyofuata. Kila Noelene alipofungua akaunti ya gereji aliona pesa za rangi, pesa za umeme, mishahara, na mchango wa gereji kwa jezi mpya za klabu. Alimpigia simu Garth mara kadhaa. Garth alijibu kila mara, kwa adabu na utani, na kila mara ilikuwa kesho. Ahadi ni deni, lakini mtu mwenye madeni mengi huiona ahadi kuwa deni dogo kuliko yote.

Clive alirudi kutoka kwa daktari wa mifupa Jumatatu moja ya Julai akakaa mezani bila kuvua kofia. Noelene alikuwa akimenya viazi.

"Anasema bega limekwisha," Clive alisema. "Atalipasua, lakini hata akilipasua sitanyanyua mlango wa gari tena. Nikiumaliza mwaka huu ni bahati."

"Umemwambia Garth?"

"Nitamwambia. Garth ataelewa." Alijaribu kuvuta sinia la mkate kwa mkono wa kulia, akabadilisha mkono. "Kuna ile bima ndani ya mfuko, si ndiyo? Wewe ndiye unayejua mambo hayo. Mtu akishindwa kazi kabisa wanalipa."

"Ndiyo."

"Ya kwangu ipo?"

"Ipo," Noelene alisema, na siku ile ilikuwa kweli.

Clive aliridhika, akaenda kuwasha televisheni. Noelene alibaki na kisu mkononi. Kama angemwambia aingize pesa yake mwenyewe, angeuliza kwa nini. Akishajua kwa nini, angekwenda kumuuliza Garth mbele ya mafundi wote, na leseni ya Noelene ingekuwa imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kama asingemwambia, mwisho wa Julai ulikuwa unakuja, na bega halingepona kwa kungojewa. Viazi vilipokuwa vinachemka alichukua simu yake. Namba ya uanachama ya Clive aliijua, ilikuwa kwenye orodha ya gereji. Akaingiza dola hamsini kwenye mfuko wa mumewe, kutoka akaunti yake ya matumizi ya nyumbani.

Kwenye orodha ile ile kulikuwa na namba za wale wengine watatu. Aliziona. Dola mia na hamsini zingetosha, na mia na hamsini alikuwa nazo. Lakini kumlipia mtu baki kwa kutumia siri ya mteja ni kosa, alijiambia, na watauliza zimetoka wapi, na Garth amesema wiki hii. Kila sababu aliyoitoa ilikuwa nzuri. Wala hakujiuliza kwa nini sababu hizo hazikumgusa Clive. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Alizima jiko, akaponda viazi, akaweka siagi.

*

Ijumaa jioni klabuni kulikuwa na bahati nasibu ya sinia la nyama, kama kila Ijumaa. Masinia matatu yalipangwa kwenye kaunta: minofu ya kondoo, soseji, nyama ya nguruwe ya kukausha, vyote vimefunikwa kwa plastiki na tawi la kotimiri la plastiki juu yake. Nyama yote hununuliwa na Garth, na watu humpigia makofi. Jioni ile alisimama na kipaza sauti, akasema klabu ni familia, na watu wakapiga makofi kama kawaida.

Tiketi zilikuwa zikiuzwa na Lupe, mke wa Semisi. Lupe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha machungwa, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya maganda mwaka mzima. Alifika kwenye meza ya akina Haddow, akaweka tiketi mbili bila kuombwa.

"Wewe huna haja ya kuchagua, Noelene. Hujawahi kushinda hata shingo ya kuku."

"Nipe nyingine basi, nijiongezee aibu."

Lupe akacheka, akavuta kiti akakaa pembeni yake. Semisi alikuwa amesimama karibu na mlango, akikohoa ndani ya leso. Lupe alimtazama kidogo.

"Kikohozi hiki kinanikosesha usingizi," alisema. "Daktari anasema ni ile rangi wanayopuliza. Namwambia, Semisi, pumzika, anasema watoto watakula nini. Namwambia, akiba tunayo, na ile bima ya kwenye mfuko ipo, ukishindwa watatulipa. Yeye haniamini. Wewe ni mtu wa mahesabu, nisaidie. Si vyote vinaandikwa pale kwenye hati ya mshahara?"

Clive alikuwa kaunta akichukua bia. Garth alikuwa anataja namba kwenye kipaza sauti. Noelene aliona njia ya kusema. Angeweza kusema, piga simu kwenye mfuko wenu kesho asubuhi, kila mtu anapaswa kupiga simu mara moja kwa mwaka. Maneno hayo yasingetoa siri ya mtu. Ushauri kama huo alikuwa akiwapa wageni kwenye foleni ya benki. Lakini Lupe angepiga simu, na mfuko ungemwambia, na Lupe asingenyamaza, na Garth angejua uvujaji umetoka wapi.

"Vinaandikwa," alisema Noelene.

"Umesikia?" Lupe alimpigia Semisi kelele kutoka pale pale. "Noelene anasema kila kitu kimeandikwa. Kaa chini, baba."

Semisi aliinua kidole gumba. Noelene alijisikia vibaya, vibaya kweli, akakunja tiketi zake mpaka zikawa ndogo kama njugu. Hakushinda.

*

Julai ikaisha.

Noelene hakuacha kazi yake. Aliandika barua nyingine, na nyingine, na mwishoni mwa Agosti akaandika ya mwisho: Garth asipotia sahihi, yeye anajitoa, na sheria inamtaka asiseme uongo akiulizwa kwa nini amejitoa. Barua ilikuwa kali na sahihi. Garth alikuja mwenyewe nyumbani asubuhi, Clive akiwa kazini, akasimama barazani akizungusha kofia mikononi.

"Umeshinda, shemeji. Na yule muuza magari ameleta pesa jana. Lete fomu zako."

Walikaa mezani. Noelene alijaza, Garth akatia sahihi, robo mwaka baada ya robo mwaka, pamoja na riba na ada ya kila fundi. Alipoona jumla alifumba macho.

"Hii ndiyo bei ya kunyamaza?"

"Ndiyo. Na ungenyamaza zaidi ingekuwa nyumba."

"Dawa ya deni ni kulipa," Garth alisema, akapuliza pumzi. "Sasa najisikia mwepesi. Naapa sijui kwa nini sikufanya mapema."

Mapema Septemba pesa zote zilikuwa zimelipwa, za mafundi wote wanne, mpaka senti ya mwisho. Ofisi ya kodi ilikubali taarifa bila swali. Ijumaa iliyofuata Garth alimletea Noelene sinia zima la nyama hadi mlangoni. Noelene alilipokea, akalipanga kwenye friza. Alijivuna kidogo. Alikuwa ameiokoa gereji, na mshahara wa watu wanne, na nyumba ya Garth, bila kuvunja mwiko hata mmoja. Wenzake wengi wangejitoa mapema wakaiacha gereji ife.

Semisi alikuwa ameshaacha kazi. Wiki ya mwisho ya Agosti alianguka karibu na chumba cha rangi, akapelekwa hospitali, na madaktari wakamwambia asiiguse tena bunduki ya kupulizia rangi maisha yake yote. Mapafu yalikuwa yameharibika. Clive alikwenda kumwona na machungwa, halafu akacheka peke yake njiani, kupeleka machungwa kwa mume wa Lupe.

*

Lupe alikuja Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, amebeba bahasha. Mizabibu ilikuwa imeanza kuchipua. Alikaa kwenye meza ya jikoni, akaomba chai bila sukari, akatoa makaratasi.

"Nisamehe nakusumbua siku ya mapumziko," alimwambia Noelene. "Wewe tu ndiye ninayemjua wa mambo haya. Mfuko wamekataa. Wanasema Semisi alipoacha kazi bima haikuwepo tena. Nadhani nimejaza vibaya mahali. Kiingereza cha fomu si kile ninachokijua mimi."

Noelene alichukua makaratasi. Hakukuwa na kosa. Lupe alikuwa amejaza kila mahali vizuri, kwa herufi kubwa.

"Wanasema waliandika barua kutukumbusha," Lupe aliendelea. "Barua zilikwenda kwenye ile nyumba ya zamani. Wanasema mfuko haukuingia kitu muda mrefu. Nikawaambia, mbona mchango uko kwenye hati kila wiki? Wakaniambia hati ni hati."

Clive alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mkono umefungwa kitambaa baada ya kupasuliwa bega. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Wamekosea hao, Lupe. Usihangaike, wapigie tena. Mimi nimewapigia wiki iliyopita kwa ajili ya bega, wakaniambia bima yangu ipo, nianze kujaza madai. Gereji ni moja, mfuko ni mmoja. Haiwezekani yangu iwepo ya Semisi isiwepo."

"Ya kwako ipo?"

"Ipo. Niliwauliza mara mbili."

Lupe alikunjua barua akaisoma tena kwa kidole. "Hapa wanasema, kuanzia Machi ya mwaka jana hakuna kilichoingia mpaka Septemba hii. Kwako wanasemaje?"

"Kwangu walisema kuna kitu kiliingia Julai."

"Garth alikulipia wewe Julai?"

"Kwa nini anilipie mimi peke yangu?" Clive aliuliza, bado anatabasamu, halafu akamwangalia mkewe. Noelene alikuwa amekaa wima, mikono juu ya makaratasi ya Lupe, kama mtu anayezuia yasipeperuke, na dirisha lilikuwa limefungwa. Clive aliacha kutabasamu taratibu.

"Noelene. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua Juni. Nilimwambia Garth. Nilimwandikia, nina nakala zote." Sauti yake ilikuwa ile ya ofisini, kwa kuwa nyingine hakuipata. "Sikuruhusiwa kumwambia mtu yeyote. Hata wewe. Ningenyang'anywa leseni."

"Lakini kunilipia uliruhusiwa?"

Clive alisimama, akatafuta funguo za gari kwa mkono mmoja, akaangusha kikombe, hakukiokota. "Mwaka mzima nakunywa bia na mtu huyu," alisema. "Mwaka mzima ananishika bega, pole kaka, pole kaka. Nakwenda kwa Garth sasa hivi."

"Kaa, Clive," Lupe alisema. "Garth sikumuuliza kitu." Hakupaza sauti. Alimgeukia Noelene. "Niliyemuuliza ni wewe. Klabuni. Nilikaa pembeni yako nikakuuliza."

"Nakumbuka," Noelene alisema, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, lakini hakuna aliyeyahitaji mle jikoni. "Lupe, nakuomba. Kuna baraza la malalamiko. Nitakuandikia rufaa, sitakutoza kitu. Nitasema yote niliyojua. Wacha waninyang'anye hiyo leseni."

"Rufaa itairudisha bima?"

Noelene alikuwa mtu wa kazi yake, na swali la kazi yake alilijibu inavyopasa. "Sidhani."

Lupe alivuta makaratasi kutoka chini ya mikono yake, moja moja, akayapanga kwa mpangilio aliokuja nao, akayarudisha kwenye bahasha. Alimalizia chai yake, kwa sababu kwao si adabu kuacha kikombe cha mwenyeji kina kitu.

"Hiyo ya Clive ya Julai," aliuliza, "ilikuwa kiasi gani?"

"Dola hamsini."

Lupe alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta siku ile ya Julai alikuwa na nini mfukoni.

"Hamsini tungekuwa nazo," alisema, akasimama, akampa Clive mkono, akatoka.